Kokwa ya Nne

Boksi lilikuwa la friji, mshale wa juu unatazama chini.
Maalim Badi alilisimamisha katikati ya ua wa madrasa, Kibokoni,
akatafuta kitambaa cheusi, akakikosa.
Mama akanituma nyumbani nikalete buibui lake la zamani,
lile lililopauka mabegani.
"Livisheni hili. Nyumba haikai uchi."

Pembeni, kizibo cha soda kilichopigwa msumari
ndicho kilichokuwa Jiwe.
"Hapa mnaanza, hapa mnamaliza.
Iwe kushoto, upande wa moyo.
Na hili ni darasa, si ibada; msinililie mbele ya katoni."
Lakini Bi Saumu wa Guraya alilia mzunguko wa kwanza tu,
na paka wa msikitini akapita kinyume, akafukuzwa kwa upindo wa kanzu.

Goti la mama la kulia lilikuwa na maneno.
Miaka kumi na tisa mbele ya tanuri la mofa,
unga wa mtama, moshi, kopo la samli lililotobolewa tundu la sarafu:
goti lilidai yote hayo kila hatua.
Akili, alisema, huibwa na umati.
Basi kokwa saba za tende mfuko wa kulia,
na kila akikipita kizibo, moja ikahamia kushoto.
Mimi nimekaa ngazini na viatu vyao,
namwona akipotea nyuma ya buibui lake mwenyewe,
akitokea upande wa pili,
akipotea,
hata nisijue nani anamzunguka nani.

Ishirini Mfungo Mosi baba alijinyoosha baada ya wali wa mchana,
na alasiri ikaadhiniwa asigeuke.
Karani wa bandari, mhesabu makasha ya watu,
alibebwa mabegani hadi Kikowani, mwepesi.

Pasi ilikuwa tayari. Chanjo imechomwa, mkono bado umevimba.
Maalim akaja, akasimama nje ya pazia, akakohoa mara mbili.
"Eda, Bi Mwanakheri..."
"Naijua. Miezi minne na siku kumi.
Mpeni Bi Saumu kiti changu cha dirishani."

Wiki ile katoni ilinyeshewa, ikainama, watoto wakaichana.
Buibui likarudi limekunjwa,
vumbi la nyayo za watu arubaini kwenye pindo.
Sikulifua. Alinikataza kwa macho.
Nikalitundika msumarini,
nguo ya kutokea nje, chumbani mwa asiyetoka.

Usiku wa kuamkia safari, Bi Saumu akaja kuomba radhi.
Mama akampa kokwa zake saba, fundo moja la leso.
"Usiziombee kitu. Ni za kukuhesabia tu.
Na usizitupe huko. Nirudishie."

Siku ya Arafa alifunga.
Asubuhi ya Idi, takbiri za msikitini aliziitikia chini chini, ukingoni mwa kitanda.
Mimi nafagia, nakizunguka kitanda kile,
mara nikagundua nimekiweka kushoto.
Nikarudi mlangoni, nikaanza upya, kinyume, kwa haya.

Bi Saumu alirudi sauti imekauka, miguu malengelenge,
zamzam kidumu cha lita tano.
Akafungua fundo.
Sita.
Akahesabu tena, polepole. Sita.
"Mzunguko wa nne, Mwanakheri. Nilisukumwa.
Sikuinama. Huko huinami; ukiinama huinuki."
Akaanza kulia, kama siku ile ya katoni.

Mama akazitikisa kiganjani zile sita.
Kisha akacheka, kicheko cha kwanza tangu jeneza litoke,
akacheka hata akashika goti.
"Wacha, dada, usilie. Hiyo imenitangulia."

Akaniagiza kopo la samli.
Akazipitisha kwenye tundu la sarafu, moja moja,
zikagonga bati tupu.
Ya mwisho ilikuwa nene.
Akaisukuma kwa kidole gumba.